Mzee Mara Moja na Wimbo Aliotaka Ufutwe

Wapendwa waombolezaji, karatasi hii mmepewa ikiwa imepachikwa tu ndani ya programu, kwa sababu programu yenyewe ilichapwa Jumatano. Humo, kipengele cha saba kinasema mtasikia wimbo ambao marehemu alimpigia mkewe. Hamtausikia. Mjane ameagiza sababu isomwe hapa hapa, mbele ya jeneza, isije ikawa ya kunong'onwa jikoni. Anayesoma ni binti yake mkubwa, na hana pa kukwepea.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba yake alikuwa mchomeleaji, mama yake alishona sare za shule. Jina la kwenye vyeti alikuwa nalo, ila ukimwita kwa hilo alidhani umetumwa na polisi. Nyumbani na kazini alikuwa Mara Moja, na humu ataitwa hivyo hivyo. Gitaa lake la kwanza lilikuwa la mpangaji wa chumba cha uani, aliyehama ghafla akaliacha nyuma ya mlango likiwa na nyuzi nne tu. Alijifunza kwa hizo nne. Alipokuja kupata gitaa kamili alikuwa na miaka kumi na mitano, na mpaka mwisho zile nyuzi mbili za ziada alizigusa kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa sebule ya wageni.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1964, kisha sekondari mpaka kidato cha tatu. Mwaka 1967 baba yake aliangukiwa na behewa lililokuwa limeinuliwa kwa matengenezo, na kijana akaacha shule kabla muhula haujaisha. Alitoka na kitu kimoja cha maana: kusoma nota. Mwalimu wa kwaya, mtu mkali aliyegonga meza kwa funguo, alimwambia mbele ya darasa zima, "Wewe sauti huna, hata ya kuita mbuzi. Soma nota, labda zitakusitiri." Zilimsitiri. Wapiga gitaa wengi wa siku zile walipiga kwa sikio. Yeye ulimwekea karatasi mbele yake, akaitazama kidogo kama anayesoma barua ya nyumbani, akapiga.

Kazi aliianza tarehe 6 Agosti 1971, siku ambayo mpiga gitaa wa studio moja juu ya duka la rangi hakutokea. Kuta za chumba kile zilifunikwa mablanketi, dirisha limezibwa kwa godoro, na joto lake lilikuwa la kuivisha mtu. Marehemu alivua viatu, maana alikuwa na tabia ya kugonga mguu na kipaza sauti kilinasa kila kitu. Akakaa na soksi zake, akapiga wimbo wa jazi wa dakika tano ambao hakuwahi kuusikia maishani.

"Safi," akasema fundi mitambo wa wakati huo. "Haya, turudie."

"Kuna kosa?"

"Hakuna."

"Sasa tunarudia nini?"

Jina likapatikana hapo, na kazi pia.

Hakuwa na bendi. Alikuwa mpiga gitaa wa kuitwa: waimbaji walikuja na kuondoka, wapiga saksofoni walivuma na kusahaulika, yeye akabaki kwenye kiti kile kile. Alipiga jazi, alipiga matangazo ya sabuni na ya dawa ya mbu, alipiga chochote kilichowekwa mbele yake. Kila wimbo aliuandika kwenye daftari la shule: tarehe, mwimbaji, vyombo. Daftari ni kumi na tisa na nyimbo ni 2,314. Jina lake limechapwa kwenye majalada kumi na moja, na kwenye moja ya hayo wameweka picha ya mtu mwingine. Aliyemuuliza kama haimuumi alijibiwa, "Aliyeweka bomba kwako unamjua jina? Lakini maji si unapata?"

Sheria yake kazini ilikuwa moja: chenye kosa kinafutwa. Hakupandisha sauti wala kununa. Alisema "Futa," kisha akasubiri ajihakikishie kwamba kimefutwa. Mwaka 1983 mpiga saksofoni mmoja alipiga kipande ambacho waliokuwepo wanasema kiliwaliza, na katika kipande hicho marehemu akakosea nota moja ambayo hakuna aliyeisikia isipokuwa yeye mwenyewe. Mwenzake alimsihi, akamshika mkono, nusura apige magoti. Marehemu alisimama mbele ya mtambo mpaka kanda ikafutwa. Walirudia mara sita na kile cha kwanza hakikupatikana tena. Wawili hao hawakusalimiana mpaka mpiga saksofoni alipozikwa. Tunalisema hili kwa sababu watu wa familia ile wapo hapa leo. Wamekuja, na tunawashukuru.

Mkewe alimpata kwa njia ya malalamiko. Studio ilipakana na shule ya msingi, na siku moja ya mwaka 1977 mwalimu wa hesabu alipanda ngazi akiwa na chaki mkononi.

"Kaka, watoto wangu wanajumlisha kwa kufuata gitaa lako."

"Wanapata?"

"Wanakosa wote kwa pamoja."

Mwalimu alisimulia baadaye kwamba alikusudia kugomba zaidi, lakini akaona kidole gumba cha mguu kimetokeza kwenye soksi, na hasira zikamwishia. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Desemba 1978, wakajaliwa watoto wanne. Wa tatu alifariki kwa surua tarehe 30 Aprili 1986, akiwa na miaka mitatu. Walimzika asubuhi, na alasiri marehemu alikwenda studio, akapiga nyimbo mbili, akarudi, akala. Mmoja wa nyimbo hizo mnaufahamu. Hupigwa harusini, na kila ukipigwa mkewe alitoka nje.

Katika nyimbo 2,314 hakuna hata mmoja alioutunga yeye. Mkewe aliuliza mara moja tu, mwaka 1999, wakiwa mezani. "Unawapigia watu wote. Mimi je?" Akajibiwa, "Wako sitaki uwe kazi. Nikipumzika nitakupigia, wa kwako peke yako." Mama hakuuliza tena. Lakini watoto wake wanajua kwamba alikuwa anasubiri. Tangu siku ile kila mgeni aliyemsifia mumewe aliambiwa, "Wangu bado."

Mwaka 2017 vidole vya mkono wa kushoto vilianza kutetemeka. Alivificha mwaka mzima, mkono mfukoni hata mezani. Tarehe 22 Juni 2018 daktari wa mishipa ya fahamu aliutaja ugonjwa kwa jina lake, akasema hauponi, unacheleweshwa tu. Kazi yake ya mwisho ilikuwa tarehe 11 Oktoba 2019. Ilimchukua mara nne, yeye ambaye mara mbili ilikuwa aibu. Akalirudisha gitaa kwenye sanduku, akamwambia fundi mitambo, "Tafuta mtu." Kuanzia hapo vifungo vya shati lake vilifungwa na mkewe, na chai alipewa nusu kikombe ili isimwagike. Mtu aliyekuwa na utani na kila mpita njia akawa anakaa anatazama ukuta. Yalikuwa maisha magumu, na hatutaki kuyapaka sukari.

Jumanne tarehe 6 Februari 2024 alimwomba binti yake mkubwa ampeleke studio, akamkataza kumwambia mama. Alikuwa ametunga wimbo. Binti alimvua viatu, akamwekea gitaa mapajani. Wimbo ulichukua dakika nne. Vidole viliteleza, nota nyingine hazikulia kabisa, na katikati alisimama, akavuta pumzi, akaanza tena pale alipoachia. Alipomaliza alivaa hedifoni akausikiliza wote, uso mkavu.

"Futa," akasema.

Fundi mitambo, ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kumbishia, alitikisa kichwa. "Mzee, huu niachie."

"Nimesema futa."

"Nitafuta."

Marehemu alimjua mtu akidanganya. Akamgeukia binti yake. "Niahidi wewe. Mama yako asije akanisikia hivi." Binti akaahidi. Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema kweli, alijisikia fahari kuaminiwa kuliko kaka zake.

Mwezi Aprili alishikwa na nimonia. Alifariki Jumapili tarehe 5 Mei 2024, saa tatu asubuhi, hospitalini, mkewe akiwa kando ya kitanda. Jumatatu alitangazwa redioni. Huenda wengi hawajui kwamba ule muziki mfupi wa gitaa unaotangulia matangazo ya vifo aliupiga yeye, mwaka 1980. Kwa hiyo alijitangulia mwenyewe, bila kosa lolote.

Siku hiyo hiyo fundi mitambo alikuja kutoa pole, na kwa nia njema akamwambia mjane kwamba wimbo wake upo. Kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie, mama alisimama akala. Aliagiza uwekwe kwenye programu, akasema hataki kuusikia kabla. Atausikia pamoja na watu wote, ili wajue.

Binti hakupata usingizi. Alhamisi asubuhi alikwenda studio. Fundi alimwambia, "Dada, fikiria. Nakala nyingine hakuna." Akamwambia, "Futa." Akasubiri ajihakikishie, kama alivyofanya baba yake. Alitoka pale akiamini ametimiza wajibu, na imani hiyo ilimfikisha mpaka mlango wa nyumbani.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu sita, mdogo wake wa kike aliyesafiri siku mbili kufika hapa, na fundi mitambo ambaye kwetu ni ndugu. Ameacha mjane, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akikaza vifungo vya shati la kumzikia mumewe, wakati binti alipoingia kumweleza.

"Nani alikutuma?" mama aliuliza.

"Baba."

"Baba yako amekufa Jumapili. Leo ni Alhamisi, na mimi niko hai. Wimbo ulikuwa wa nani?"

"Wako, mama."

"Na nani aliniuliza?"

Mama alishona kifungo kizima, akakata uzi kwa meno. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ulikuwa mzuri?"

"Ulikuwa na makosa mengi, mama."

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini na nne. Makosa nayajua. Nimekuuliza kama ulikuwa mzuri."

Binti akalia. "Ulikuwa mzuri."

"Basi huo ndio ulioufuta," mama akasema, akachukua kifungo kingine.

Apumzike kwa amani. Waliobaki yao bado wanaitafuta.