Bibi Adelgunda na Mlango wa Nyuma

Tarehe 31 Desemba 1957 Bibi Adelgunda, mkunga wa zahanati yetu, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Wasifu wake nimepewa niuandike mimi, karani wa kadi, kwa sababu nina darasa la nne kamili na mwandiko wangu unawashinda waganga wote hapa. Wasibishe.

Alianza mwaka 1931 kwa miguu, kijiji kwa kijiji, Ndama hadi Nyakasimbi, begi kichwani. Watoto aliowapokea wangejaza kanisa, wengine wakabaki nje wakipiga kelele. Lakini wanaomshukuru zaidi ni wanawake waliokuja hawana mtoto. Hao hakuwakalisha foleni katikati ya vichanga vya wenzao. Kila Alhamisi aliwafungulia mlango wa nyuma, upande wa migomba, akamsikiliza kila mmoja peke yake mpaka amalize. Siku za mwezi za kila mmoja alizijua bila kufungua daftari. Ndizi zake za mchana alizila zimepoa miaka yote hiyo.

Sasa kosa langu. Mwaka 1954, wiki yangu ya kwanza, nilitaka watu wajue kuwa sauti yangu inavuka bonde. Nikasimama mlango wa mbele nikaita: "Kokuberwa wa Nyakasimbi, anayetafuta mtoto, aingie!" Uwanja mzima uligeuka. Kokuberwa alikuwa na miaka saba ya ndoa, na mama mkwe alishasema kahawa ikiisha kuvunwa anarudishwa kwao. Akajitanda kanga, akaondoka.

Bibi Adelgunda hakunigombeza. Alisema tu, "Haya, hiyo sauti itembee." Tukatembea mpaka Nyakasimbi, yeye mbele, mimi nyuma na begi. Kokuberwa alikuwa amejifungia ndani. Bibi akaketi kwenye jamvi la kahawa, akachambua buni pamoja na mama mkwe, bila haraka. Jua lilipogeuka, mlango ukafunguka. Nilipiga magoti nikaomba radhi kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa ninayo. Na mama mkwe, buni zake zikiwa safi, akakubali kungoja msimu mmoja zaidi.

Hapo Bibi akamtaka na mume, Placidius, aliyewahi kufanya kibarua Uganda. Placidius akasema kukosa mtoto ni mambo ya mwanamke. Bibi akamjibu kwamba yeye hatibu nusu ya nyumba. Alimfuata Alhamisi tano, jioni, baada ya kazi. Ya sita alikuja mwenyewe, mlango wa nyuma, akatibiwa alichorudi nacho kutoka Uganda. Ameruhusu niandike haya, mradi niseme hakulia kwenye sindano. Hakulia. Alimwita mama yake tu.

Mtoto wao, Gaudiosus, alizaliwa Agosti 1955. Si wote waliopata. Dafroza wa Ndama bado anakuja, na Bibi ameshampeleka mkunga mpya mpaka nyumbani kwa Dafroza, wajuane kabla yeye Bibi hajaondoka.

Kokuberwa ameniomba jambo moja: leo nimwite kwa sauti yote. Basi wageni wa mbele mzibe masikio. Baada ya sala nitasimama palepale mlangoni, nimwite Mama Gaudiosus aje amkabidhi Bibi mkeka alioufuma.

Asante, Bibi Adelgunda. Nenda ukapumzike, ukale ndizi zikiwa moto. Ufunguo wa mlango wa nyuma ninao mimi, na Alhamisi ninaita polepole.