Mukhwana na Sanduku Lisilovuja

Wasikilizaji wapendwa, marehemu alikuwa wa kwanza kukubali. Siku ile mjinga alikuwa yeye. Hakusingizia mto, hakusingizia kamera, hakumsingizia pasta. Aliketi ukingoni mwa mto Kuywa, suruali ikichuruzika maji, akamwambia mkewe, "Mama Tonny, leo mjinga ni mimi. Usitafute mwingine."

Nekesa akamjibu, "Kwani nani alikuwa anatafuta?"

Leo tunamkumbuka Mukhwana. Mpiga video wa Kitale, mzaliwa wa Kabuchai kule Bungoma. Ametuacha akiwa na miaka arobaini na tisa. Kama umefunga harusi au umezika mtu kati ya Saboti na Tongaren katika miaka hii ishirini, basi unamjua. Ni yule mtu mrefu aliyekukanyaga vidole akitafuta pa kusimama, akakuomba radhi bila kukuangalia.

Nekesa alimpata mvuani. Ilikuwa harusi Saboti, mvua ikashuka ghafla, na kijana mmoja akamkabidhi msichana asiyemjua mwavuli. "Dada, nishikie hapa." Nekesa akashika. Mwavuli ulikuwa mmoja. Kamera ikabaki kavu, wao wawili wakalowa mpaka ndani ya viatu.

"Nikadhani ni mapenzi," Nekesa alituambia, akicheka huku anajifuta macho. "Kumbe ni kamera. Mapenzi yalikuja baadaye, na yenyewe pia yalikuja yamelowa."

Sasa sikieni habari ya sanduku.

Ni miaka kumi na mmoja iliyopita. Mama yake Mukhwana, Mayi Nabwile, alikuwa na miaka sabini na mmoja, na kwa muda mrefu alikuwa amekataa kubatizwa. Si kwamba hakuamini. Kanisa lao huzamisha mtu mtoni mzima mzima, na Mayi hakuyapenda maji ya Kuywa. Alisema yana baridi ya kuvunja mifupa. Mwaka ule akakubali.

Dada yake Mukhwana, Phelista, alikuwa anafanya kazi Doha. Hakupata ruhusa. Alilia kwenye simu. Kisha akamtumia kaka yake kamera ndogo ya video, inayotosha kiganjani, na Mukhwana akampa ahadi. "Phelista, utamwona Mayi akiingia mtoni. Utamwona akiwa ndani ya maji. Utamwona akitoka."

Akiwa ndani ya maji, wasikilizaji. Hapo ndipo alipojifunga.

Masanduku ya kamera yasiyoingia maji yapo madukani, lakini bei yake ungeisikia ungekaa chini. Mukhwana akaamua kutengeneza lake. Alichukua kopo la plastiki la kubebea chakula, lile lenye mfuniko wa kubana pande nne. Lilikuwa la Nekesa. Jipya. Hata wali wa kwanza halikuuona. Akapasha kisu moto, akatoboa tundu la duara upande mmoja. Akalipeleka kwa rafiki yake Shafi, fundi wa vioo karibu na msikiti pale Kitale. Shafi akakata kioo cha kuziba tundu, wakakigandisha kwa silikoni. Kwenye ukingo wa mfuniko wakazungusha ukanda wa tyubu ya baiskeli. Ndani wakaweka kipande cha godoro, kamera isichezecheze. Chini wakafunga jiwe, kwa sababu bila jiwe kopo lilielea kama bata.

"Usiweke kamera kwanza," Shafi akamwonya. "Weka tishu. Tishu ikitoka kavu, rudi tuongee."

Wakalizamisha kwenye pipa la maji asubuhi hadi jioni. Tishu kavu. Wakarudia. Kavu. Mara ya tatu Mukhwana akaweka biskuti. Jioni akaitoa, akaila mbele ya mafundi wote, ikalia krap! Wakapiga makofi.

Kumbukeni hilo. Sanduku halikuvuja. Mpaka leo halijawahi kuvuja.

Jumapili ya ubatizo ilikuwa ya mwezi wa saba, baridi, na manyunyu tangu alfajiri. Nyumbani kwa Mayi wageni walikuwa wengi. Mukhwana aliogopa tone la mvua lisije likaingia akifunga kamera. Akatafuta mahali pakavu. Akaingia jikoni. Jikoni, sufuria tatu zilikuwa motoni: nyama, wali na mahindi. Huku mvuke umejaa hadi darini, yeye akawasha kamera, akaiweka ndani ya kopo, akabana pande zote nne. Tak, tak, tak, tak.

"Nilimwona," Nekesa anasema. "Nikajiambia, bana, fundi anajua."

Fundi hakujua.

Mtoni aliingia hadi kifuani, sanduku limezama mikononi mwake. Pasta Walubengo akamshika Mayi, akamzamisha, akamwinua. Akina mama wakapaza wimbo. Mayi akatoka anatetemeka na kucheka kama msichana. Mukhwana akainua sanduku juu. Hata tone halikuingia! Kisha akatazama kioo. Kilikuwa cheupe. Ule mvuke wa jikoni ulikutana na baridi ya mto, ukalala kwenye kioo kwa ndani. Video yote ilikuwa ukungu, mwanzo hadi mwisho.

Akamkimbilia pasta. "Pasta, si tumrudishe kidogo tu? Sekunde kumi!"

"Mukhwana," pasta akasema, "huyu ni mama yako. Si nguo."

Jumatatu Shafi alipoliona lile kopo, alicheka hadi akaweka kioo chini kisimponyoke. "Umezuia maji ya nje, ukafungia ya ndani!" Halafu akamwambia dawa: vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Tangu hapo wauza viatu wa soko la Kitale walimwekea Mukhwana vifuko. Akawa anavitia ndani, na anafungia sanduku lake nje, kwenye hewa kavu. Watu wakaanza kumwita kutoka mbali. Alipiga video za ubatizo safi kabisa, viputo vikipanda puani mwa mtu, kitambaa kikielea. Watu waliziangalia wakilia.

Lakini kila aliporudi na video nzuri, alimwonyesha Nekesa, kisha akaizima kabla haijaisha. Nekesa alijua kwa nini. Ile ya Mayi hakuwahi kumtumia Phelista. Alimweleza ukweli, lakini kadi ya kamera yenye video hiyo aliiweka kwenye droo. "Nitamtumia nini? Ukungu?" Miaka kumi na mmoja, kadi ikiwa kwenye droo.

Mwezi uliopita Mukhwana alianguka akiwa kazini. Watu walisema ni maji baridi ya mito. Daktari alisema ni presha. Nekesa anasema hana haja ya kujua ni nani kati yao yuko sawa.

Kwa Mayi Nabwile, ambaye sasa ana miaka themanini na miwili na amemzika mwanawe, kwa Nekesa, kwa Tonny na wadogo zake, kwa Phelista, na kwa Shafi, aliyefunga kibanda siku nne: poleni sana. Mungu awashike. Na wewe unayetusikiliza, fikiria kidogo. Kuna kitu gani umekificha kwa mtu wako kwa sababu hakikutoka vizuri? Huenda anakingoja hivyo hivyo kilivyo.

Nimalizie na siku ya mazishi, kule Kabuchai. Phelista alikuwa amefika. Nekesa alimpa ile kadi mkononi, na Phelista akaomba ionyeshwe kwenye skrini mbele ya waombolezaji. Pasta Walubengo, aliyeshika ratiba, akakataa kwa upole.

"Dada, marehemu ameacha video nyingi nzuri. Tuonyeshe hizo. Hii itamwaibisha. Watu watacheka."

"Wacheke," Nekesa akasema. "Yeye alicheka wa kwanza."

"Nimengoja miaka kumi na mmoja, Pasta," Phelista akasema. "Nilitaka kumwona Mayi akiwa ndani ya maji. Kaka yangu aliniahidi."

"Lakini hakuna kinachoonekana! Nitawaambia watu hawa waangalie nini?"

Mayi Nabwile alikuwa kwenye kiti chake kando ya jeneza. Akainua uso.

"Pasta," akasema, "kila Jumapili unatuambia tuamini tusichokiona. Leo wewe ndio unataka uone?"