Samuel Tsofa Mung'aro, Fundi wa Mashine za Nyasi na Mume Wangu Mimi

Mchungaji, wazee wetu, wakwe zetu, majirani wa Majengo na wafanyabiashara wa Marikiti, nawasalimu nyote kwa heshima. Mimi ni Mbeyu, mke wa marehemu, na najua desturi ni nduguye marehemu kuisoma historia hii, lakini shemeji yangu Chengo alipendekeza sehemu ya kazi isomwe na Auma, kwa kuwa ndiye aliyefanya kazi naye miaka mingi, nami nikaitwaa karatasi mkononi mwake, nikamwambia nitaisoma yote mwenyewe, tangu kuzaliwa hadi kufa, simkatii mtu kipande.

Marehemu Samuel Tsofa Mung'aro alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 huko Kaloleni, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mung'aro na Mama Jacinta, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Alianza shule ya msingi mwaka 1977, palepale kijijini, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1983, lakini hakuendelea, kwa sababu babake alianguka kutoka kwenye mnazi mwaka huohuo, na mtu wa kuangua nazi akawa ni yeye.

Mwaka 1987 alikuja kisiwani Mombasa, akaajiriwa kutunza bustani katika nyumba moja ya Kizingo, akikata nyasi kwa fyekeo la mkono, hadi mwaka 1993 tajiri wake aliponunua mashine ya petroli, ile ya mpini mrefu inayoning'inizwa begani, kisu kikizunguka kule chini, na mashine hiyo ilipokataa kuwaka akatumwa nayo kwa Mzee Levi, mtu wa Machakos, aliyekuwa na karakana katika kichochoro cha nyuma ya Marikiti. Samuel alikaa pale akiangalia kabureta ikioshwa, akauliza hili, akauliza lile, na mwisho wa mwezi akaaga kule Kizingo, akarudi kwa Mzee Levi kujifunza kazi. Alijifunza kuchanganya petroli na oili kwa kipimo, kusoma rangi ya plagi kama daktari anavyotazama ulimi wa mgonjwa, na kunoa kisu pande zote sawa, kisije kikamtetemesha mwenye kukishika. Kipande hiki cha maisha yake nakisoma kwa raha, kwa kuwa Auma hayumo.

Mimi nilikuwa nikiuza leso katika duka moja la Biashara Street, naye akaja kumnunulia mamake doti moja, akashindwa kuchagua, akarudi tena, na tena, hata Mama Jacinta akawa na leso za kuvaa mpaka uzeeni, na wazee wakaona afadhali tuozwe. Tulifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 7 Desemba 1996, katika kanisa letu la Tononoka, na Mungu akatujalia watoto wawili, Joy aliyezaliwa mwaka 1998 na Purity aliyezaliwa mwaka 2002, ambao mnawaona hapa mbele.

Mwaka 2003 Mzee Levi alirudi kwao Machakos akamwachia Samuel karakana, na mwaka uliofuata akaingia mwanamke huyu, Auma. Alikuja na mashine yake begani, kwani alikuwa akikata nyasi za makaburi na viwanja vya shule, akaishika upande mmoja Samuel akiifungua upande wa pili, na tangu siku hiyo upande ule ukawa wake. Mimi sikuwa na neno mwanzoni, mpaka niliposikia watu wa Marikiti wakisema "wale mafundi wawili," wakiyataja majina yao pamoja, kama watu wanavyotaja chumvi na pilipili, nami nikajiuliza jina langu linatajwa na la nani.

Mwaka 2011 niliuhamisha mkaa wangu na karai, nikawa nakaanga mahamri mlangoni pa karakana, na nilikuwa nikiwaambia watu kuwa pale kuna wateja, lakini nilikuwa nimekwenda kutazama. Nilitazama miaka mitatu, nami nasema mbele ya Mungu na mbele ya jeneza hili, sikumwona akimgusa Auma hata ukucha, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, maana ningewafumania ningejua la kufanya. Nilichokiona ni vichwa viwili vimeinamia kabureta moja, yeye akinyoosha mkono bila kusema, na Auma akimpa bisibisi hasa aliyoitaka, kisha wanacheka, na nikiuliza wanacheka nini, wananieleza habari ya filta ambayo haikunichekesha. Nyumbani alikuwa mtu wa kimya, akila, akisikiliza redio, akilala, na siku moja nikashindwa kujizuia.

"Baba Joy," nikamwambia, "mbona kule unacheka na huku hucheki?"

"Huku nimepumzika," akanijibu.

Jibu hilo sikulipenda, na bado nalipima. Nilikwenda hata kwa Maxwell, mume wa Auma, anayefanya kazi bandarini, nikitumaini nitapata mwenzangu wa kuumia, nikamuuliza kama haoni mkewe anavyoshinda na mume wa watu, na Maxwell, ambaye ameketi pale nyuma na ananisikia, alinikaribisha chai na kuniambia, "Mama Joy, mimi usiku nalala usingizi." Nikanywa chai, nikarudi zangu nyumbani, nimejaa vilevile.

Kuanzia mwaka 2018 marehemu alianza kuingiwa na ganzi mikononi, kwa miaka yote ile ya kushika mashine zinazotetemeka, vidole vikawa vyeupe asubuhi, na skrubu ndogo zikawa zinamponyoka. Hapo kazi ya vidole ikawa ya Auma, na ya kusikiliza injini ikabaki yake, na mimi nikawa namfunga vifungo vya shati kila alfajiri, nikijua kuwa shati hilo litashinda mbele ya macho ya mwingine.

Siku ya Jumanne, tarehe 28 Oktoba mwaka huu wa 2025, nyasi zikiwa zimeshamiri kwa mvua za vuli na karakana imejaa mashine, marehemu alikuwa peke yake akifunga kisu kwenye mashine ya Kingi, mtunza bustani wa Kizingo, Auma akiwa ametoka kununua plagi. Mkono wake wa kulia ulilegea, kisha mguu, akaanguka, na jirani yetu Mejumaa, muuza nazi, alipomwona aliita watu, wakasogeza vitu njiani, wakamtia katika tuktuk na kumfikisha hospitali. Daktari alituambia kuwa amepata kiharusi, na kwamba maneno yake yamekwenda, huenda yakarudi, huenda yasirudi.

Siku ya pili, Jumatano, neno moja lilirudi. Nilikuwa nimemshika mkono, akafungua macho yakawa makubwa, akasema, "Auma."

"Ni mimi, Baba Joy, ni Mbeyu, niko hapa."

"Auma," akasema, na mkono wake wa kushoto ukawa unajizungusha juu ya shuka, kwenda kushoto, kwenda kushoto, nami nikadhani anataka kugeuzwa ubavu, nikamgeuza, naye akatoa machozi na kulitaja tena jina lile, nikamgeuza tena. Nilitoka nikasimama barazani mwa wodi, simu i mkononi, na sikupiga. Nilisema moyoni, miaka ishirini na minane nimempikia mtu huyu, na neno moja alilobakiwa nalo si langu. Joy alinifuata, akaniambia, "Mama, piga simu, na wivu uutie mfukoni, utautoa baadaye." Nikapiga. Nikasema, "Njoo, ni wewe unayetakwa," nikakata.

Auma alikuja na ovaroli yake yenye oili, hakunisalimu vizuri, akainama, akautazama ule mkono unavyozunguka, na kabla sijamweleza kuwa mgonjwa anataka kugeuzwa, akasema, "Nati? Nati ya kisu?"

Samuel akafumba macho na kuyafumbua.

"Ya nani, Fundi? Ya Kingi? Hukuikaza?"

Akayafumba tena, na Auma akapiga ukelele, akatoka mbio. Ni Purity aliyekuja kunieleza baadaye kwamba nati zote za dunia hukazwa kuelekea kulia, ila ile ya kisu cha mashine hizi hukazwa kuelekea kushoto, na kwamba mume wangu alikuwa ameitia kwa vidole tu, kifuniko kikawa kinaificha, ndipo akaanguka, na waliosogeza vitu wakaiegemeza mashine ile pamoja na zilizokwisha kutengenezwa, na asubuhi hiyo Auma mwenyewe alikuwa amempa Kingi aende nayo.

Kingi hakushika simu. Auma alichukua bodaboda hadi Kizingo, akamkuta kando ya ukuta wa shule, watoto wanatoka, injini inanguruma, kidole kikiwa juu ya kibonyezo cha mafuta lakini kisu hakijaanza kuzunguka, akapiga kelele asisikike, basi akamrukia na kuizima mashine kwa mkono wake. Nati ilitoka kwa vidole viwili. Kingi yuko hapa leo, amesimama kwa miguu yake yote miwili, na watoto wale, kwa jina la Bwana, hawajui kitu.

Auma alirudi wodini jioni ile, akamwambia, "Nimeikaza, Fundi," na Samuel akalala usingizi wa kwanza tangu aanguke. Nanyi mtadhani wivu wangu uliisha hapo, lakini sitawadanganya mbele ya maiti, siku hiyo niliona wivu kuliko siku zote, kwani yeye aliusoma mkono ambao mimi niliushika mchana kutwa bila kuuelewa. Hata hivyo nilimvutia kiti, nikamwambia akae.

Siku ya Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, saa nne asubuhi, Auma akiwa karakana na watoto wakiwa wameshuka kununua maji, marehemu aliniangalia, akakusanya nguvu, akasema neno, neno zima lenye kueleweka, kisha akakata roho mkononi mwangu. Neno hilo halimo katika karatasi hii. Chengo ameniuliza, Joy ameniuliza, na juzi Auma aliniuliza kwa adabu zote, akilia, kama lilikuwa la kazi au la nyumbani, nikamwambia, "Dadangu, hili ni langu."

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Majengo waliolala matangani kwetu, Mejumaa na watu wote wa Marikiti waliombeba, Kingi na watunza bustani wenzake waliokata nyasi za njia ya kuingilia nyumbani Kaloleni, ambako tutamlaza leo, Jumamosi tarehe 15 Novemba. Nakushukuru na wewe Auma, simama watu wakuone, aliyemjua fundi huyu vizuri kama wewe hakuna, nami nimelisema kwa mdomo wangu, sasa keti.

Ameacha mjane mmoja, na ndiye mimi. Pumzika kwa amani, Baba Joy, pumzika ukiwa wangu.