Sili Niliyomuuzia Fundi Bazilio

Mheshimiwa Mgeni Rasmi uliyetoka ofisi ya wilaya. Ndugu Leonidasi, Mwenyekiti wa Chama chetu cha Ushirika wa Maharage, pamoja na bodi yako. Baba Paroko na Sheikh wetu, mliokaa bega kwa bega kama kawaida yenu. Wakulima wa Kibondo, Kakonko na Mabamba mlioacha mashamba ili muwahi shughuli hii. Mafundi na madereva. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Kama nimemruka mtu anisamehe, maana tangu alfajiri akili yangu haijarudi mahali pake.

Mimi ni Firdausi Dadi, muuza spea wa hapa hapa Kasulu mjini. Nimepewa heshima ya kumuaga Fundi Bazilio kwa sababu moja tu: kwa miaka ishirini na miwili hakuna mtu aliyebishana naye mara nyingi kuliko mimi. Hotuba niliyoiandika ni hii hapa, kurasa mbili. Mnaona? Naikunja. Ilikuwa na maneno matamu, na baadhi yake ni uongo, ingawa nilipokuwa nikiyaandika sikujua kuwa ni uongo.

Kiti cha Fundi pale mbele kiko wazi, na nimewaona mkinong'onezana. Haumwi wala hajasusa. Nitawaambia aliko, ila kwanza nivumilieni niwakumbushe yeye ni nani.

Lori la chama, lile Bedford la mwaka sabini na mbili tunaloliita Mama Maharage, wote mnalijua. Mwaka juzi injini yake ilipasuka bloku, na bodi ikaamua kwamba lisiuzwe chuma chakavu, litafutiwe injini nyingine. Ikaja injini ya Kijapani iliyokwishatumika. Tundu za boliti hazikulingana, vitako vya kuishikilia injini havikukaa, gia boksi ilikataa kukutana nayo. Nani aliyezikutanisha kama mshenga? Ni Bazilio, pamoja na msaidizi wake Venanti. Wiki saba walikata chuma, wakachomelea, wakapima, wakatoa, wakarudisha.

Na spea je? Jamani, mtu huyu alinitesa! Alikuwa haridhiki na jina kwenye boksi. Sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isivuje, ataigeuza, ataiminya kwa ukucha, ataipeleka puani ainuse, kisha aende nayo gereji akaichemshe kwenye sufuria ya oili aone kama itakakamaa. Nikawa namwambia, "Fundi, unachagua sili au unachagua mchumba?" Naye anajibu, "Mama, mchumba akivuja siri nitavumilia. Sili ikivuja, watu watakufa."

Na mnajua sheria yake ya kadibodi. Gari likitengenezwa kwake hulala juu ya kadibodi safi, na asubuhi Bazilio anachuchumaa kuisoma: tone jeusi ni la injini, zito lenye harufu kali ni la gia, jepesi ni la breki, na maji ni maji. Kadibodi zisipokuwa safi asubuhi tatu mfululizo, gari halitoki, hata mwenye gari awe nani.

Sasa niulize. Mtu wa namna hii, ilikuwaje Mama Maharage akatoka gereji akivuja?

Alivuja, wote tulimwona. Bazilio akaziba mfuniko wa juu, akaziba sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akabadilisha mpira wa bomba la oili. Yote yakakauka, likabaki tone moja pale injini inapoungana na gia boksi. Akaiomba bodi siku tatu ashushe gia boksi aone kilichomo ndani. Bodi ikasema huu ni msimu, maharage yanaoza Mabamba, ongezeni oili twende. Mwezi wa tano, kwenye mlima ule wa kutoka Mabamba, klachi iliyolowa oili ikateleza. Lori likashindwa kupanda, likarudi nyuma na magunia sitini mgongoni, breki zikazidiwa, likagonga ukingo. Dereva Nestori, umekaa pale, mkono ule umepona lakini najua baridi ikija unauma.

Baada ya hapo maneno yakaanza. Mzee amechoka. Mzee haoni. Mzee anaunga injini na bado inavuja. Bodi ikakaa, ikaamua apumzishwe, na ndiyo maana tumekusanyika. Kwenye cheti atakachokabidhi Mheshimiwa leo imeandikwa kwamba anastaafu "kutokana na uchovu wa umri".

Na mimi? Mimi nilikuwa mmoja wa waliosema. Nilisema dukani kwangu, kikombe cha chai mkononi, tena nikicheka: "Bazilio siku hizi hata sili anaivalisha kinyume." Waliocheka nami mpo hapa, msiangalie chini.

Leo alfajiri nilikwenda gereji na riboni za kumpamba Mama Maharage. Nilitegemea kumkuta mlinzi. Nikakuta suti mpya imetundikwa kwenye msumari, na miguu ya Bazilio imechomoza chini ya lori. Kumbe tangu juzi, lori liliposimamishwa kwa ajili ya sherehe, mzee amezipata zile siku tatu alizonyimwa! Siku za kumuaga ndizo alizozitumia kushusha gia boksi.

Nikamwamkia kwa Kiha, "Mwakeye, Fundi. Bwana harusi analala chini ya gari siku ya harusi?" Akatoka taratibu, uso mweusi kwa oili. Mkononi alikuwa na kitu, na aliponiona akafumba ngumi.

Mimi ni mfanyabiashara, mtu akinificha kitu nakitaka zaidi. Nikasema, "Fungua mkono." Akasema, "Ni takataka tu, mama." Nikasema, "Fundi Bazilio, fungua mkono!"

Akaufungua. Ilikuwa sili ya nyuma ya injini, nyeusi, mdomo wake umekakamaa na kupasuka. Na kwenye ukingo wake wa chuma kulikuwa na tone la rangi nyekundu ya kucha.

Ndugu zangu, nilikaa juu ya tairi na baibui langu jipya. Tone lile ni alama yangu. Kila kitu kinachotoka dukani kwangu nakitia tone la rangi ya kucha, ili mtu asije akanirudishia mali ya duka lingine. Sili iliyomvunja Nestori mkono, iliyomfanya mzee huyu aitwe kipofu, ilitoka kwangu. Mpaka sasa siamini.

Kisha nikakumbuka. Mume wangu Khamisi alipofariki, Mungu amrehemu, nilikaa eda, miezi minne na siku kumi. Duka lilifungwa lakini ufunguo wa stoo nilikuwa nao mimi. Bazilio, ambaye wakati huo alikuwa anaifunga injini ile ya Kijapani, akaja mlangoni, akasimama nje ya pazia, akasema anahitaji sili ya nyuma, ile ya kahawia inayostahimili moto. Nikamtuma mpwa wangu ampelekee nyeusi. Akasema kwa upole, "Mama, niliomba ya kahawia." Nami nikamjibu kutoka ndani, "Ni hiyo hiyo, Fundi, usinisumbue. Nina msiba."

Sikuwa nimeitazama. Sikujua ni hiyo hiyo au siyo. Nilitaka aondoke tu nirudi kulia.

Leo nikamuuliza, "Kwa nini uliifunga? Wewe unayechemsha kila sili, hii kwa nini hukuichemsha?" Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. Akasema, "Mama, mfiwa habishiwi. Uliniambia ni yenyewe. Ningeichemsha, ningekuwa nimekuita mwongo ukiwa kwenye eda."

Nikasema, "Na nilipotoka eda?"

Akasema, "Nilikuja. Nikakukuta umefungua duka, unacheka kwa mara ya kwanza. Nikasema, nikimwambia sasa nitamrudisha kule. Nikaomba siku tatu niitoe kimya kimya. Wakaninyima. Ajali ya mlima ule ilipotokea, ndiyo nikashindwa kabisa kusema."

Venanti alikuwa amesimama nyuma yake na spana, akilia waziwazi. Alijua muda wote. Bazilio alimwapisha anyamaze.

Sisemi kwamba Fundi hana kosa. Kosa analo, na amelikiri mwenyewe asubuhi: heshima kwa mfiwa ni nzuri, lakini lori halijui msiba. Angeniambia, ningeumia siku moja, na Nestori asingevunjika. Lakini kosa la kuniheshimu mimi si uchovu wa umri. Macho yake yaliona rangi ya sili ile kabla haijagusa injini. Mimi mwenye macho ya kijana ndiye ambaye sikutazama.

Nestori, mdogo wangu, nisamehe. Mbele ya watu wote hawa naomba unisamehe.

Ndugu Mwenyekiti, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ninalo ombi moja. Cheti hicho kisisomwe. Mkitaka astaafu, astaafu, amefanya kazi miaka thelathini na minane na mgongo ni wake. Lakini ile sentensi ifutwe. Na kama bodi inaona nastahili kusutwa, mnisute mimi, duka langu mnalijua lilipo.

Mnausikia mngurumo huo? Pigeni makofi taratibu, msimfanye Venanti akanyage mafuta kwa furaha. Ndiye anayeendesha. Na yule anayetangulia mbele ya lori na kadibodi kwapani, suti yake nzuri imepakaa oili begani, ndiye mgeni wetu. Sili iliyomo ndani sasa ni ya kahawia, niliitafuta mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi, na aliichemsha mbele yangu. Nilisimama pale nikisubiri sufuria kama mshtakiwa anayesubiri hukumu.

Anaitandika kadibodi. Basi sherehe iendelee, pilau iliwe, ngoma zichezwe, na asubuhi tatu zijazo Mwenyekiti mwenyewe achuchumae hapo aisome, ndipo cheti kiandikwe upya.

Waheshimiwa, ndugu zangu, mmenisikiliza kwa subira nami nimewaharibia hotuba. Asanteni sana, Mungu awalipe.

Fundi Bazilio, karibu ukae. Eda imekwisha, baba. Kuanzia leo, nibishie.