Hortense na Daraja la Mbao la Bwaise

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka Hortense Kavugho, fundi cherehani wa Bwaise. Alifariki Alhamisi, saa nne asubuhi, ndani ya chumba chake mwenyewe. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Narudia: saa nne asubuhi, kweupe, watu wakimwona.

Hortense alizaliwa Butembo, Kongo. Polio ilimpooza miguu akiwa na miaka minne. Vita vilipofika kwao, mdogo wake Annick alimbeba mgongoni hadi mpakani. Hapa Kampala akapata baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, na cherehani ya mkono. Kina mama wa kwaya walimfuata hata kutoka Kasubi, maana gauni zake hazikubana kwapani. Alipenda utani. Mteja akichelewa kuchukua nguo, Hortense aliivaa mwenyewe kanisani Jumapili, makusudi, mwenye nguo aione.

Mbele ya chumba chake pana mtaro mpana. Seremala mmoja, Odyek, alimjengea daraja la mbao, pana vya kutosha baiskeli kupita. Kwa miaka sita Hortense alitoka na kuingia bila kumwomba mtu. Mwezi Machi mwenye nyumba, Tarcisio, akaling'oa. Alisema linakusanya takataka, maji hayaendi. Akaweka ubao mmoja mwembamba. Hortense alipouliza yeye atapita wapi, Tarcisio alimjibu kwa upole kabisa, akimwita bibi kwa Kiganda.

“Nyabo, kwani wewe unaenda wapi? Kazi yako si iko ndani?”

Tangu siku hiyo Hortense akawa mtu wa kubebwa. Annick akiwa sokoni, yeye hatoki. Choo kiko ng'ambo ya mtaro, kwa hiyo akaacha kunywa chai ya asubuhi.

Kisha mvua zikaanza. Mara ya kwanza maji yalilowesha sakafu tu. Hortense akachora mstari ukutani kwa chaki yake ya kushonea. Mara ya pili mstari ulifika usawa wa kiti. Mara ya tatu ukapita kiti. Annick akataka wahame. Walizunguka mitaa mitatu wakitafuta chumba. Kila mwenye nyumba alipoiona ile baiskeli, chumba kilikuwa kimeshachukuliwa.

Hortense akaenda kwa viongozi wa mtaa. Kikao chao hufanyika ghorofani. Wakatuma mtu chini kumwambia alete mwingine anayeweza kupanda. Hortense akashuka kwenye baiskeli, akapanda kwa mikono, ngazi kumi na tisa. Alifika juu sketi imejaa tope, na watu wakatazama pembeni. Annick alikuwa naye, na maneno yale hajayasahau.

“Yaya, dada yangu mkubwa, aliwaambia, ‘Mimi siombi huruma. Nilikuwa na njia, muliiona, munirudishie. Maji yanapanda, na mimi siwezi kukimbia.’”

Wakaandika jina lake. Wakasema watakuja kuona. Wiki tatu zikapita. Hawakuja.

Alhamisi ile mvua ilianza saa mbili asubuhi. Annick alikuwa sokoni Kalerwe, akiuza vitenge vyake. Saa tatu na nusu Hortense akampigia simu. Alisema amepanda juu ya meza, na maji yamefika mezani. Alimwomba Annick asikimbie, barabara imejaa mashimo yasiyoonekana.

Jirani yao Docus alikwenda kumtoa. Ule ubao mwembamba ulikuwa umeshasombwa. Docus na wanaume wawili walibaki ng'ambo ya mtaro, wakimwona dirishani. Dirisha lina vyuma. Mwanamume mmoja alijaribu kuvuka, maji yakamwangusha, wenzake wakamvuta.

“Hakupiga kelele,” Docus anasema. “Alituita kwa majina, mmoja mmoja. Baadaye akaita mimi peke yangu.”

Kamba ilipopatikana, Hortense hakuitika tena.

Tarcisio alifika jioni, akasema ni mapenzi ya Mungu. Annick alikuwa anaanika nguo za wateja zilizolowa. Alimjibu bila kugeuka.

“Mungu hakuja hapa na nyundo.”

Wasikilizaji wapendwa, Hortense alizikwa Jumamosi. Kwaya nzima ilivaa gauni alizozishona yeye. Tunakupa pole, Annick. Tunampa pole mama yenu kule Butembo, ambaye alisikia msiba kwa simu. Tunampa pole Docus, ambaye tangu siku ile hapendi kusikia mtu akimwita jina.

Nasi tulio hai tujiulize. Katika safu ile ile ya vyumba wamebaki wawili wasioweza kuvuka peke yao. Lailah ni kipofu. Mzee Khaemba alikatwa mguu. Katika safu yenu pia yupo mtu, na mnamjua. Mvua za msimu huu hazijaisha, na mawingu ya leo mmeyaona. Kabla hayajashuka, nendeni mlangoni kwake. Mwulizeni atapita wapi.