Kitanda cha Siku ya Ugonjwa

Sogeeni, wanangu. Wewe mwenye duka la dawa kaa kushoto kwangu, na dada yako muuguzi akae kulia, maana leo sitaki mrushiane vijembe juu ya kichwa changu kana kwamba nimeshaondoka. Nisikilizeni mpaka mwisho.

Kitanda hiki mnakijua. Nilikitengeneza kwa mikono yangu, nikakifunika nailoni, nikawakataza hata kukikalia, kwa sababu kila fundi wa karakana yetu alikuwa na kitu chake kizuri alichokiweka ili akiuze siku ya ugonjwa. Vilikuwepo vingine kabla yake. Kabati lilikwenda mama yenu alipopasuliwa, meza kubwa ikafuata, kisha kiwanja, na mwishowe mama yenu naye akaenda. Nikabaki na nyumba na woga. Serikali ilipoleta bima ya wote, mimi nilinung'unika kuliko wewe, mwanangu, kila walipokata kwenye kipato changu.

Sasa nimeugua, nimeionja. Unasema foleni ni mateso, na ni kweli. Nimekaa kwenye lile benchi mpaka makalio yakafa ganzi, daktari akanitazama huku jicho moja liko kwenye saa, na pale kwenye dirisha la dawa wakaniambia dawa zimeisha, nikanunue nje. Tena tangu bima ije wateja wako wamepungua na una watoto wa kulisha, usione haya kulisema. Lakini dada yako naye hasemi uongo: nimepasuliwa, nimelazwa, nimetoka, na hakuna aliyekuja kuipigia hesabu nyumba hii. Wodini nililala jirani na msukuma mkokoteni ambaye zamani angefia kwake kimya kimya, lakini alitoka kwa miguu yake, akaniaga, "Fundi, ukitangulia niachie godoro." Mpango huu ni kama mlango uliopinda, unakwaruza sakafu na unaudhi, ila unafunguka. Mlango wa hivyo mimi huupiga randa, siung'oi.

Juzi niliwasikia sebuleni. Wewe umempata mnunuzi wa karakana ili nihamishiwe hospitali ya watu binafsi. Dada yako akakuita mchuuzi wa roho za watu, nawe ukamwita spika ya serikali. Najua ni mapenzi, baba. Lakini daktari ameniambia ukweli, na hakuna hospitali itakayonirudishia mapafu. Mwambie mnunuzi arudi kwake. Karakana ni yenu wote wawili. Duka lisifungwe, kwa maana dawa zikiisha hospitali watu watakimbilia wapi? Nawe, mama, ule ukali unaompa kaka yako kawape wakubwa wako, uwaulize habari za lile dirisha.

Miaka yote niliogopa kufa nikiwa nimeila nyumba yenu. Sikuila. Mzigo umenitoka kifuani, wanangu, nasikia raha ambayo siijui jina.

Ngojeni... maji kidogo. Basi, yanatosha.

Asubuhi nilimwambia dada yako aitoe ile nailoni. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukilalia. Kumbe nilitengeneza kitanda kizuri.

Shikaneni mikono. Hapa, juu yangu. Mungu awape afya... na mkiugua, awape pa kwenda. Msigombane kwa ajili yangu.

Nikishatoka... msikifunike tena. Kilalieni.