Punje, Maji, na Mmea wa Tata Vuyisile

Benchi letu lilikuwa la kanisani kabla kanisa halijanunua viti vya plastiki. Ni refu, mgongo wake umenyooka kama mahubiri ya Ijumaa Kuu, na sasa limeegemea kontena la fundi viatu pale Mdantsane, Afrika Kusini, hatua saba kutoka lango la mzee Vuyisile, ambaye sote twamwita Tata, yaani Baba. Kila asubuhi birika la kahawa hutokota juu ya jiko la mafuta ya taa, maandazi ya moto yaitwayo magwinya huletwa yamefungwa kwenye gazeti, na wazee huketi kwa mpangilio usiobadilika: Ndumiso, fundi mwenyewe, aitwaye Gundi, Kholekile, aliyesukuma machela hospitalini miaka ishirini, aitwaye Dripu, na Sakhumzi, ambaye kila habari huisikia kabla haijatokea, aitwaye Redio. Jumamosi ile Tata Vuyisile alichelewa, na alipotoka langoni hakubeba kikombe. Alibeba jani moja la bangi juu ya leso nyeupe, kwa uangalifu wa mtu aliyeokota kifaranga.

Hapakuwa na haja ya kuuliza jani limetoka wapi. Tangu kiwanda cha magari kimstaafishe, Tata Vuyisile alikuwa na mmea mmoja tu duniani, ndani ya ndoo, chini ya taa kubwa, katika chumba cha uani kilichokuwa cha bintiye. Mahakama ilikwisha kusema kwamba mtu mzima anaweza kupanda kwake, faraghani, kwa matumizi yake mwenyewe. Mama Nontsapho, mkewe, naye alikuwa ametoa hukumu yake: chumba ni cha mmea hadi maua yavunwe, lakini mmea ukifa kabla ya hapo, cherehani yake inaingia siku hiyohiyo. Maua yalikuwa katika wiki ya tano. Zilibaki nne.

— Tazameni, alisema Tata Vuyisile. Ncha zimeungua. Na majani yote yamejikunja kwa chini, kama makucha ya kuku.

Dripu alivaa miwani, akaliinamia jani.

— Pole sana, Tata. Huyu ni mgonjwa.

— Kwamba ni mgonjwa tumeona. Anaumwa nini?

— Njaa. Umempa nini?

— Jumapili, kijiko kimoja cha mbolea ya punje, kama Gundi alivyonishauri. Basi.

— Si ndiyo hiyo! Punje! Mgonjwa unampa chakula cha kutafuna! Mimi nimesukuma machela miaka ishirini, sijaona daktari anamtundikia mtu mahindi na maharage kwenye chupa. Mwenye hali mbaya anawekewa maji. Mbolea ya maji, Tata. Unaichanganya, unaimimina, kabla hujafunga mlango imeshafika kwenye ua.

Gundi aliweka kiatu chini. Hakuwa mtu wa kuweka kiatu chini kwa jambo dogo.

— Na huyo anayewekewa maji, Dripu, huwa amesimama au amelala?

— Amelala, bila shaka.

— Haya! Umewahi kumwona mtu wa dripu kabeba gunia? Kutoa maua ni kazi nzito. Mpe kitu cha kukaa tumboni. Punje inakaa. Kila ukimwagilia inayeyuka kidogo, inatoa kidogo. Hayo maji yako yanaingia juu, yanatokea chini ya ndoo, kwaheri ya kuonana.

— Punje ni za shambani, wewe! Shambani kuna mvua, kuna minyoo, kuna nafasi. Chumbani kwa Tata kuna nini? Kuna zulia!

— Basi ndoo ndiyo inambana. Mimi ni fundi viatu, najua mguu uliobanwa. Mizizi imeota sugu. Ahamishiwe namba kubwa.

— Katikati ya maua? Unamhamisha mama mjamzito saa ya uchungu?

Redio, ambaye alikuwa akisubiri wote wawili waishiwe pumzi, alikohoa kidogo.

— Mnabishana bure. Tatizo ni umeme.

— Umeme umefanyaje?

— Umechoka. Fikirini unakotoka, kilomita zote hizo juu ya waya. Ukifika huku umechakaa. Mmea unaokula mwanga uliochoka utasimama vipi wima?

— Redio, hata kahawa hii haijakukolea na umeshaanza.

— Halafu kuna kwaya ya jirani. Jumatano na Ijumaa wanafanya mazoezi ukutani kwa chumba kile. Hebu litazameni hilo jani vizuri. Limeinamisha kichwa. Hilo jani, jamani, linasali.

Benchi zima liliangua kicheko, na hata kahawa ya Dripu ilimwagika gotini. Tata Vuyisile peke yake hakucheka. Alilikunja jani ndani ya leso, pembe baada ya pembe.

— Chekeni tu. Mimi miaka thelathini na mmoja nimeamshwa na king'ora cha kiwanda. King'ora kiliponyamaza, nilikuwa nalala mpaka saa nne, naamka nikiuliza naamkia nini. Sasa saa kumi na moja niko macho. Nakwenda kuwasha taa. Nikiukosa huu, nitaamkia nini?

Gundi aliokota kiatu chake, akakigeuza, akakiweka tena.

Hapo ndipo alipofika Nomtha, mpangaji mpya wa nyumba ya mkabala, mkononi ameshika kiatu kilichong'oka kisigino. Alikuwa mwenyeji wa Lusikisiki, ambako watu hupalilia bangi mabondeni kama wengine wapaliliavyo viazi. Aliwasalimu wazee mmoja mmoja kwa majina ya koo zao, akangoja mpaka alipoombwa kuketi, kisha akaomba leso. Alilikunjua jani, akalipapasa kwa kidole gumba.

— Kijani kimezidi, alisema. Limekuwa jeusi. Huu mmea umekula kiasi gani wiki hii?

— Kijiko kimoja, mwanangu. Jumapili.

— Hapana, Tata. Hicho ni kiasi ulichoulisha wewe. Mimi nauliza umekula kiasi gani.

Wazee watatu waliligeukia birika kwa pamoja.

Yapasa kueleza hapa kwamba kontena la Gundi halina choo. Choo ni cha Tata Vuyisile, nyuma kabisa ya ua, na njia yake hupita mlangoni pa chumba cha mmea. Tena mtaa ule una adabu yake: aingiaye uani kwa mtu hapiti kimya, husalimu nyumba nzima. Tangu maua yaanze, wazee walikuwa wakiusalimu na mmea.

Tata Vuyisile aligeuka polepole.

— Gundi?

— Kijiko tu, Tata.

— Lini?

— Nilipokwenda msalani.

— Msalani umekwenda lini?

— Unajua kahawa hii inavyonisumbua kibofu. Ni kama... kila siku.

— Kila siku!

— Nilikuwa nanusa dawa ya Dripu kwenye udongo! Nikasema huyu anamharibu mtoto kwa maji maji, ngoja nimwongezee cha kutafuna!

— Dripu, na wewe?

Dripu alivua miwani.

— Bomba moja la sindano, asubuhi na jioni. Kidogo sana. Niliona punje zimejaa juu, nikajua mtoto amevimbiwa, nikampa kitu chepesi.

— Mungu wangu. Redio?

— Mimi, Tata, mbolea sijaweka hata chembe.

— Ahsante. Angalau mmoja.

— Niliweka pombe ya mtama. Bilauri moja tu, Jumanne. Wazee waliotutangulia nao wana haki yao.

Nomtha aliinamisha uso kwa heshima, lakini mabega yalimtikisika. Kisha akasimama.

— Ya maji tutaiosha. Maji matupu, mengi, polepole, mpaka yatoke safi chini ya ndoo. Pombe nayo itaondoka. Ila punje hazioshwi hivyo. Ukizimwagia maji unaziyeyusha, unamlisha upya. Zitolewe kwanza.

— Kwa kutumia nini sasa? aliuliza Gundi.

— Kwa mkono.

— Kwa mkono, zote?

— Kwani ziliingia kwa miguu?

Basi wanaume wanne, mdogo wao akiwa na miaka sitini, walipiga magoti juu ya zulia la chumba cha uani, wakiizunguka ndoo, vijiko vya kahawa mikononi. Waliuchambua udongo kama watu wachambuao maharage ya msibani, punje moja moja, wakiziweka kwenye sahani. Sahani ilijaa. Gundi hakuitazama.

Mama Nontsapho alitokea mlangoni, mikono kiunoni.

— Mnatafuta nini?

— Chakula, alisema Redio.

Waliubeba mmea hadi uani, wakaumiminia maji jagi kwa jagi. Yalitoka kwanza ya rangi ya chai ya rangi, kisha ya rangi ya majani makavu, kisha, baada ya saa nzima, yalitoka kama yalivyoingia. Tata Vuyisile aliurudisha mwenyewe chini ya taa.

— Utapona?

— Majani yaliyoungua hayarudi, Tata. Maua bado ni mazima. Ukiachwa kwa amani, utafika. Wiki mbili, maji tu. Mtu asiupe kitu.

Tata Vuyisile aliwatazama rafiki zake watatu. Aliwapenda, na aliwajua. Akafunga mlango kwa kufuli, akaupima ufunguo kiganjani, kisha akamnyooshea mkewe.

Gundi alimnong'oneza:

— Tata, unampa mwenye cherehani?

— Katika nyumba hii na benchi lile, ni yeye peke yake ambaye hajaulisha.

Mama Nontsapho aliutazama ufunguo kwa muda mrefu kuliko unavyostahili kutazamwa ufunguo mdogo hivyo. Akaufunga kwenye pindo la kilemba chake.

— Nomtha, mwanangu. Maji kiasi gani?

— Jagi moja, Mama, udongo ukikauka urefu wa kidole.

— Baba watoto saa kumi na moja nitamfungulia. Nyinyi wengine, anayetaka kuusalimu atapiga hodi kwangu. Na atakuja mikono mitupu.

Kisha hakuondoka. Gundi alielewa wa kwanza, akatoa mfuko wa punje na kuuweka dirishani. Dripu akaweka bomba lake la sindano kando yake, limeelekezwa ukutani kama afanyavyo mtu wa hospitali. Redio alisimama palepale, akiangalia mawingu kwa makini makubwa, mpaka Mama Nontsapho aliponyoosha kiganja mbele ya koti lake, palipotuna chupa.